Mlango wa Daktari na Mgonjwa Asiyeufikia

Nyumba zile za mabati zenye umbo la duara, ambazo kwa miaka mingi zilikaliwa na askari polisi wa Uganda pamoja na jamaa zao, wenyewe walizipa jina la "mama ingia pole". Mlango wake ulikuwa mfupi na mwembamba, na mtu mzima alilazimika kuinama na kujipinda kabla ya kuingia kwake mwenyewe. Jina hilo lilikuwa la mzaha, lakini waliolitunga walikuwa wametoa hukumu ya haki: kosa halikuwa la mama aliyeinama, bali la fundi aliyekata mlango. Hukumu hiyo haijahamia bado katika vituo vingi vya afya. Huko, askari mstaafu mwenye mguu mmoja akishindwa kupanda ngazi tatu za kumfikia daktari, watu husema kwa huruma kwamba mguu ndio uliomshinda. Hakuna anayezitazama ngazi.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba watu wapatao bilioni 1.3, yaani mtu mmoja katika kila sita duniani, wana ulemavu wa kiasi kikubwa, na kwamba baadhi yao hufa mapema kuliko wenzao hata kwa miaka 20. Si ulemavu wenyewe peke yake unaowaua. Mara nyingi ni malaria, shinikizo la damu, uzazi mgumu na magonjwa mengine ambayo jirani mwenye viungo kamili hutibiwa akapona. Na yeyote anayeishi katika kambi ya jeshi au ya polisi hana haja ya kwenda mbali kuwaona watu hao. Wapo waliokatwa miguu kwa mabomu ya ardhini katika vita vya kaskazini, mabomu ambayo Uganda ilitangaza mwaka 2012 kuwa imemaliza kuyaondoa katika maeneo yote yaliyojulikana. Wapo waliorudi na majeraha kutoka Somalia, ambako majeshi ya Uganda yalitangulia kuingia mwezi wa Machi 2007. Wapo waliopoteza usikivu kwa milio ya mizinga, na hao ni wengi kuliko wanavyohesabiwa. Kisha wapo wake, watoto na wazee wao: mtoto mwenye mtindio wa ubongo, binti kiziwi, bibi aliyeingia giza la macho, kijana mwenye kifafa.

Kabla ya kwenda mbele, neno moja juu ya maneno. Kiswahili kimewaweka kipofu, kiziwi, kilema na kiwete katika kundi lile lile la kiti na kisu, na wapo wanaoona kwamba lugha yetu imewafanya watu hao kuwa vitu. Lakini mzawa wa lugha hasemi "kiziwi kimekuja". Husema "kiziwi amekuja". Sarufi yenyewe humrudishia utu wake mara tu anapoanza kutenda jambo. Siku hizi husemwa "mtu mwenye ulemavu", na ndivyo ipasavyo. Viziwi wenyewe hawalikatai jina la kiziwi, ila hawapendi kuitwa mabubu, maana wanayo lugha. Karani wa mapokezi anayepaza sauti akisema, "Mleteni yule kilema wa kiti," amekwisha kufunga mlango hata kama njia ya kuingilia imejengwa vizuri.

NGAZI, KITANDA NA MIZANI

Na ianzwe na ngazi, kwa kuwa hizo huonekana. Ngazi tatu za kawaida, kila moja ikiwa na kimo cha sentimita 15, hufanya kimo cha sentimita 45. Kanuni ya wajenzi inataka kila sentimita moja ya kimo ipewe sentimita 12 za urefu. Basi njia ya mteremko ya kuzipita ngazi hizo haiwezi kupungua mita 5 na nusu hivi. Aghalabu inayojengwa ni ya mita moja na nusu, mkali kama ubao wa kupakilia magunia kwenye lori, na ikishapigwa saruji laini na kunyeshewa na mvua huwa mahali pa kuvunjia nyonga. Njia ya namna hiyo hupigwa picha na kuandikwa katika taarifa ya mwaka, lakini mwenye kiti cha magurudumu bado huinuliwa na vijana wanne kama mzigo. Heri njia ndefu ya udongo ulioshindiliwa vema, yenye mkono wa mbao wa kushikilia, kuliko saruji ya haraka.

Mlango nao upimwe. Kiti cha magurudumu kina upana wa sentimita 60 hadi 70, na mikono ya mwenye kukisukuma huhitaji nafasi. Kwa hiyo uwazi usipungue sentimita 80, na 90 ni bora. Ndani ya chumba pabaki nafasi ya mita moja na nusu ili kiti kigeuke. Mara nyingi nafasi hiyo ipo, ila imekaliwa na kabati bovu au sanduku la majalada ya miaka iliyopita. Choo cha shimo hutengenezewa kiti cha mbao chenye tundu na fito mbili za kushikilia, kazi ya nusu siku kwa seremala wa kikosi. Mtu asiyeweza kuchutama, akijua kwamba kituoni hakuna choo anachokiweza, hujinyima maji tangu jana yake, na hufika kwa daktari akiwa amekauka.

Kitanda cha kuchunguzia wagonjwa ni kizuizi ambacho wengi hawakifikirii. Kitanda hicho hufika kiunoni mwa mtu aliyesimama, ilhali kiti cha magurudumu huketisha mtu kwenye kimo cha sentimita 45 hadi 50. Matokeo yake ni kwamba daktari mwenye shughuli nyingi humchunguza mgonjwa akiwa amekaa kitini, amevaa nguo zake zote, kisha huandika dawa. Kwa mtu aliyepooza kuanzia kiunoni hilo ni jambo la hatari. Mtu huyo hasikii maumivu chini ya mahali alipoumia. Anaweza kuwa na kidonda kinachooza kwenye makalio, au mfupa uliovunjika, asijue. Yeye hawezi kukitaja kidonda asichokihisi, wala daktari hawezi kukiona asipomvua. Kitanda kimoja kifupi chenye kimo sawa na cha kiti, kikiwekwa ukutani, kinatosha. Na anapohamishwa aulizwe mwenyewe jinsi ya kumshika, kwa maana amehamishwa mara elfu na anajua mahali panapouma na mahali panapoteleza. Kiti chake kisiondolewe kikapelekwa nje kumpisha mtu mwingine. Hakuna anayemvua mwenzake miguu akaenda kuiweka barazani.

Sasa mizani, ambayo huonekana kuwa jambo dogo. Dawa mseto ya malaria iliyozoeleka Uganda, mchanganyiko wa artemether na lumefantrine, hutolewa kwa uzito wa mgonjwa. Mwenye kilo 5 hadi chini ya 15 humeza kidonge kimoja kila mara. Kilo 15 hadi chini ya 25, viwili. Kilo 25 hadi chini ya 35, vitatu. Na kuanzia kilo 35, vinne. Mara mbili kwa siku, kwa muda wa siku 3. Mtoto asiyeweza kusimama kwenye mizani aghalabu hukadiriwa kwa umri. Lakini mtoto wa miaka 10 mwenye mtindio wa ubongo, ambaye kula kwake ni kwa taabu, anaweza kuwa na kilo 14 tu. Akihesabiwa kwa miaka atapewa vidonge vitatu mahali pa kimoja. Dawa nyingine, kama za kifafa, zina hesabu kali zaidi ya hiyo. Na dawa ya jambo hili haina gharama: mama hupanda mizani akiwa amembeba mtoto, kisha hupanda peke yake, na uzito wa pili hutolewa katika wa kwanza. Kwa mtu mzima mwenye kiti, iko mizani ya magunia katika bohari ya kikosi. Apimwe pamoja na kiti chake, kisha kiti kipimwe peke yake. Ni hesabu ya kutoa ya darasa la tatu.

Yafaa pia kukumbuka benchi. Mgonjwa wa kawaida akikaa saa nne akisubiri hurudi nyumbani amechoka na amekasirika. Aliyepooza hawezi kukaa hivyo bila kudhurika; yampasa kuinua au kuhamisha uzito wa mwili wake kila baada ya dakika 15 hadi 30, la sivyo damu haipiti mahali alipokalia na nyama huanza kufa. Kidonda cha namna hiyo huanza kama wekundu mdogo, kikachimba hadi mfupani, na wapo waliouawa nacho baada ya kuponea risasi. Kumtanguliza mtu huyo mbele ya wengine ni tiba, wala si upendeleo. Na isemwe kwa heshima kwamba foleni ya zahanati ya kambi haijawahi kunyooka sana hata hivyo. Nyota za begani hujua njia ya kupita kando, na wake za wenye nyota nao wanaijua. Wanaopita mbele wakiongezeka watatu au wanne ambao kweli hawawezi kungoja, hakuna kanuni takatifu itakayokuwa imevunjwa.

"NDIYO, AFANDE"

Ulemavu ulio mwingi zaidi kambini ndio usioonekana, nao ni wa masikio. Mlio wa bunduki na wa mzinga huharibu kwanza usikivu wa sauti nyembamba. Mwenye kuumia hivyo huisikia sauti ya mtu, hasa sauti nzito ya mwanamume, lakini maneno humpotea, kwa sababu herufi kama s, t, f na sh hutamkwa kwa sauti nyembamba na hafifu. Kwa ajili hiyo husema kwa haki kabisa, "Nasikia," kisha akafanya jambo jingine. Hebu msomaji afikirie Kiswahili kinavyohesabu: sita na tisa. Mtu asiyepata vizuri s wala t atazitofautishaje? Akiambiwa na muuguzi ameze kidonge kila baada ya saa sita, huenda akakimeza kila baada ya saa tisa. Na sauti ya muuguzi, ikiwa ni ya mwanamke, humpotea zaidi kuliko ya daktari mwanamume. Kupiga kelele hakumsaidii. Kelele huivuruga sauti na kumtangazia kila aliye barazani ugonjwa wa mtu.

Juu ya hayo kuna nidhamu. Katika hospitali ya jeshi daktari mara nyingi ni ofisa, na mgonjwa ni koplo au mtu wa cheo cha chini. Koplo amefundishwa tangu siku ya kwanza ya mafunzo kwamba ofisa akimaliza kusema, jibu ni moja. Daktari huuliza, "Umeelewa?" Naye hujibu, "Ndiyo, afande." Mazungumzo yamekwisha. Asingejibu vinginevyo hata kama daktari angekuwa amemwambia kwamba atakatwa mkono kesho asubuhi. Wengine huficha kwa makusudi. Wanaogopa kuitwa mbele ya bodi ya madaktari na kuondolewa kazini, wakiwa na watoto wanne shuleni. Woga huo una sababu, na hauondolewi kwa kukemewa.

Daktari mwenye busara huliacha swali la "umeelewa". Badala yake humwambia, "Koplo, hebu nieleze utakavyozimeza dawa hizi ukifika nyumbani." Hapo ndiyo hazitoshi. Mgonjwa akieleza sawasawa, vema. Akikosea, daktari hujua kwamba maelezo hayakufika, naye huyarudia kwa njia nyingine. Pia hukaa uso wake ukielekea kwenye mwanga wa dirisha, si kinyume chake, ili midomo ionekane. Hamwambii neno akiwa anaandika ameinamisha kichwa. Huandika hesabu kwa tarakimu kubwa au huchora jua linalochomoza na mwezi kwenye bahasha ya dawa. Mambo haya huwafaa pia wasio na kasoro yoyote ya masikio lakini Kiswahili si lugha yao ya nyumbani, nao ni wengi katika majeshi yaliyokusanya watu wa makabila yote.

Kiziwi kabisa ana taabu iliyo kubwa zaidi, nayo huanzia barazani. Majina huitwa kwa sauti. Jina lake huitwa mara tatu, halafu kadi yake huwekwa chini ya nyingine zote. Amekaa hapo akiangalia midomo ya karani tangu saa mbili asubuhi, na jioni huambiwa kwa mkono kwamba daktari ameondoka. Dawa yake ni karani kuinuka na kumwendea alipo, au kumpa kibao chenye namba ambayo huinuliwa juu zamu yake ifikapo.

Kisha huja suala la mkalimani, na hapa familia nyingi hufanya jambo baya kwa nia njema. Na ichukuliwe mfano wa mke wa askari, kiziwi tangu utotoni kwa homa ya uti wa mgongo. Anaumwa tumbo la chini na anatokwa na uchafu. Mume yuko zamu ya mpakani. Anayejua ishara zake za nyumbani ni mwanawe wa miaka tisa, na huyo ndiye anayepelekwa naye kwa daktari. Mama atamwambiaje mtoto huyo kwamba anaogopa amepata ugonjwa wa zinaa? Mtoto atamwulizaje mama yake mara ya mwisho kuingia mwezini? Mama husema tumbo tu. Daktari hutoa dawa ya minyoo. Ugonjwa hubaki ukimla, na huenda ukamfunga kizazi. Mume akirudi na kwenda naye, mambo si lazima yawe bora, kwa sababu yapo ambayo mke humwambia daktari kwanza kabla ya kumwambia mume. Na wakati mwingine kambini huitwa sajini fulani ambaye ana ndugu kiziwi na anajua kidogo, naye ndiye mkubwa wa mume wa mama yule. Siri hiyo italala wapi usiku huo?

Mkalimani yapasa awe mtu mzima, aliyechaguliwa na mgonjwa mwenyewe, na aliyeapa kutunza siri kama daktari. Watasema watu kwamba hayupo wa namna hiyo. Lakini Katiba ya Uganda ya 1995 inaitaka Serikali kuikuza lugha ya ishara ya viziwi, Chuo Kikuu cha Kyambogo hufundisha lugha hiyo, na Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, aliingia Bungeni mwaka 1996 na kujadili sheria za nchi akiwa na mkalimani kando yake. Ikiwa Bunge liliweza kumwelewa mbunge, hospitali inaweza kumwelewa mama mwenye uchungu wa tumbo. Siku hizi hata pasipo na mkalimani karibu, simu yenye picha inaweza kumfikisha aliye mjini mpaka chumbani kwa daktari wa mpakani. Ila ijulikane kwamba lugha ya ishara ya Uganda si ile ya Kenya wala ya Tanzania. Askari aliyeoa ng'ambo ya mpaka asishangae mkalimani akishindwa mwanzoni. Na kalamu na karatasi havitoshi kwa wote, kwa kuwa viziwi wengi hawakupewa nafasi ya kwenda shule.

Kwa asiyeona mambo ni mepesi zaidi. Anayemsogelea aseme jina lake kabla ya kumgusa. Amwache ashike kiwiko chake, asimkokote kwa fimbo. Amweleze sindano kabla ya kuichoma. Dawa zake zitofautishwe kwa mkono: mpira mmoja kwenye kopo la asubuhi, miwili kwenye la jioni. Bila hivyo mke au mtoto asipokuwapo nyumbani, dawa hulala bila kumezwa.

Wapo pia wale ambao jeraha lao liko rohoni. Askari aliyeona mambo mazito huenda asiweze kukaa katika ukumbi uliojaa watu, mgongo ukielekea mlangoni, milango ikipigwa kwa kishindo. Hutoka jasho, huinuka, huondoka, na karani huandika kwamba hakufika. Mruhusuni akae nje chini ya mti, aitwe zamu yake ifikapo. Ndiyo gharama yote. Mtoto mwenye usonji apewe nafasi ya kwanza asubuhi, kabla ya kelele, na mama yake aulizwe nini humtuliza. Mwenye kifafa apokewe kama mgonjwa mwingine. Ugonjwa huo hauambukizi, si kwa mate wala kwa kugusana, na muuguzi anayerudi nyuma akimwona ameanguka ndiye anayeifundisha kambi nzima uongo.

MWANAMKE MWENYE ULEMAVU

Kuna dhana iliyokaa katika vichwa vya watu, hata waliosoma udaktari, kwamba mwanamke mwenye ulemavu hana mambo ya mume na mke. Anapofika na mimba husimangwa: ni nani aliyemfanyia hivi? Asipokuwa na mimba haulizwi habari za uzazi wa majira wala hapimwi virusi vya Ukimwi, kana kwamba mambo hayo hayamhusu. Kitanda cha kujifungulia ni kirefu, na mwenye mguu mbovu huambiwa apande upesi wakati uchungu umekaza. Wengine kwa kuyaogopa hayo huzalia nyumbani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Uganda iliuridhia mwaka 2008, unataka huduma za afya, pamoja na zile za uzazi, ziwe sawa kwa aina na kwa ubora na zile wanazopata wengine. Na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2020 inakataza ubaguzi katika huduma za afya. Mkunga hana haja ya kuikariri sheria. Godoro safi lililotandikwa chini, na mkunga aliye tayari kupiga magoti, vimewazalisha wengi salama.

KWENYE MEZA YA MAPOKEZI

Yote yaliyotajwa hapo juu hayawezekani kama daktari hujua hali ya mgonjwa wakati mgonjwa amekwisha kushindwa. Ni lazima ijulikane mapema, na mahali pa kujulikana ni kwenye meza ya mapokezi. Kikundi cha Washington, kilichoundwa mwaka 2001 chini ya Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa, kilitunga maswali mafupi 6 kwa ajili ya sensa: je, mtu ana taabu ya kuona hata akivaa miwani, ya kusikia hata akiwa na kifaa, ya kutembea au kupanda ngazi, ya kukumbuka au kutuliza mawazo, ya kujihudumia, kama kuoga na kuvaa, ya kuwasiliana katika lugha yake ya kawaida? Hakuna anayeulizwa, "Wewe ni mlemavu?" na huo ndio uzuri wake, maana koplo asiyesikia vizuri atakataa neno ulemavu, lakini huenda akakubali kwamba ana taabu kidogo. Maswali hayo hayayagusi vizuri majeraha ya rohoni, kwa hiyo karani aongeze la saba: "Ukija hapa, tukusaidie jambo gani?" Jibu la swali hilo huwa fupi kuliko inavyodhaniwa. "Niitwe kwa mkono." "Nisikalishwe muda mrefu." "Muuguzi asinishike ghafla."

Jibu liandikwe ndani ya jalada, ukurasa wa kwanza, lisirudiwe kuulizwa kila mwezi mbele za watu. Lisiandikwe juu ya jalada kwa wino mwekundu ambapo kila mpita njia atalisoma. Na hapa kamanda wa kikosi ana sehemu yake: askari wajue kwa kauli yake kwamba kilichoandikwa ndani ya jalada kwa ajili ya matibabu hakitabebwa kupelekwa kwingine. Wasipoliamini hilo, maswali yote saba yatajibiwa "hapana, afande".

Wauguzi watauliza muda utatoka wapi, na swali lao ni la haki, kwa kuwa baraza hujaa kabla jua halijapanda. Lakini mama yule aliyepewa dawa ya minyoo atarudi wiki ijayo, na wiki ya tatu, kisha ataletwa kwa machela. Muda uliookolewa siku ya kwanza utalipwa mara nne.

Jamaa za mgonjwa nao wasingoje hadi kituo kitengenezwe. Karatasi moja iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni yaweza kubeba mambo yote: jina, ugonjwa, dawa zinazomezwa na kiasi chake, dawa zinazomdhuru, njia ya kuzungumza naye, namba ya simu ya mtu anayemwamini. Iandikwe kwa lugha ambayo muuguzi ataisoma, na mgonjwa mwenyewe aijue ilivyo. Msindikizaji ajizuie kujibu kwa niaba yake. Daktari akimwuliza mke, "Huyu anaumwa nini?" mke ageuze uso amtazame mumewe, na daktari atafuata macho yake.

Hatimaye wapo ambao hakuna mlango, hata uwe mpana namna gani, utakaowafaa, kwa sababu hawafiki mlangoni. Serikali iliondoa malipo katika vituo vya afya vya umma mwaka 2001, lakini mwendesha boda boda hajaondoa ya kwake, na mtu asiyeweza kujishikilia hapandi pikipiki. Wanajulikana, Timu za Afya za Vijiji huwajua, na katika kota za kambi kila mama anajua ni nyumba ipi ina mgonjwa asiyetoka. Daktari au muuguzi atengewe siku moja katika mwezi, na siku hiyo iwe ile ile, ili mgonjwa ajue na aoge. Aende na kipimo cha presha, mizani ya kubeba, dawa za kifafa za mwezi mzima, pamba na dawa ya vidonda. Akifika asisimame mlangoni akaandika. Aombe maji ya kunawa, amgeuze mgonjwa kwa upole na kutazama mgongo, nyonga na visigino, kisha amwulize mtu anayemhudumia kama yeye mwenyewe hulala usiku.